Goti, Usukani na Barabara ya Woodward

Ford Mustang ya mwaka 1966 ina kimo cha sentimita 130 hivi, kutoka lami hadi paani. Mimi nina 196, na shemeji yangu, mwenye gari, ananizidi. Ndiyo maana tulipotoka Columbus, Ohio, alfajiri moja ya Agosti kwenda Detroit, tulikuwa tumekwisha kubaliana kupokezana usukani mara kwa mara. Mji wa Findlay uko kabla ya nusu ya njia. Aliyeendesha hadi pale alishuka kwenye kituo cha mafuta akiwa ameshika paja la kushoto kwa mikono miwili, akalizunguka gari polepole mpaka mgongo ukakubali kunyooka.

Gari lenyewe ni zuri mno. Kijani iliyokolea, boneti ndefu, buti fupi, injini ya V8 ya lita 4.7, gia nne za mkono. Shemeji alilitamani tangu utotoni Musoma, alipoona picha yake kwenye kalenda iliyotundikwa dukani. Alipokuja kulipata huku Marekani, alilinunua kwa mzee aliyekuwa amelifunika turubai miaka mingi. Injini haikuwa na neno. Magoti ya yule mzee ndiyo yaliyokataa kuingia. Gari la chuma lisipotembea huoza: petroli hugeuka ulimbo ndani ya kabureta, mipira ya breki hukauka, panya hujenga kwenye viti. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kugusa gari la kale ni kulinajisi, namjibu kwamba gari lisiloukubali mwili wa mwenyewe halina maisha marefu. Kulirekebisha limfae ni sehemu ya kulitunza.

Wapo wanaochambua ukoo wa magari haya kwa makini, na watakwambia kwamba Mustang si gari la misuli halisi. Kwamba misuli ilianza na Pontiac GTO ya 1964, gari la ukubwa wa kati lililopewa injini ya gari kubwa. Sibishani nao. Ukiwa umeketi ndani na kichwa kimegusa kitambaa cha paa, tofauti hiyo haikusaidii kitu.

Tuseme basi linabana wapi. La kwanza ni paja la kushoto. Usukani wa enzi zile ni mpana, karibu sentimita 40, kwa sababu gari nyingi hazikuwa na msaada wa haidroliki na dereva alihitaji duara kubwa ili apate nguvu ya kukata kona. Mtu mrefu akitaka kukanyaga klachi huinua goti, na goti likipanda hukutana na ukingo wa chini wa usukani. Kila gia ni kusuguana. La pili ni kichwa, na pamoja na kichwa macho: ukiwa juu sana, ukingo wa kioo cha mbele unakuwa usawa wa nyusi, na taa za barabarani, ambazo Michigan hutundikwa kwenye waya katikati ya makutano, huzioni mpaka uiname kama anayechungulia chini ya kitanda. La tatu watu wengi hawalifikirii. Mgongo wa kiti ni mfupi, unaishia kwenye mabega, na juu yake hakuna kitu. Marekani ilianza kulazimisha viegemeo vya kichwa kwenye magari yaliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Ukigongwa kwa nyuma ndani ya gari la kabla ya hapo, shingo inabaki peke yake, na shingo ya mtu mrefu iko juu zaidi ya kiti kuliko ya mwingine yeyote.

Wengi hudhani mtu mrefu akilalamika analilia starehe. Mguu unaochelewa kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki kwa sababu goti limenasa ni hatari kwake na kwa mtoto anayevuka barabara. Nililisema hilo ndani ya gari, kwa sauti, mahali fulani kabla ya Toledo, na shemeji akaitikia kwa kichwa bila kusema neno, maana ndiye aliyekuwa akiendesha.

Baada ya Toledo unaingia Michigan, unapita Monroe, na muda si mrefu barabara ya I-75 inapanda daraja juu ya mto Rouge na viwanda vinatandaa pande zote. Karibu na hapo, Dearborn, kwenye kiwanda cha Rouge, ndipo Mustang za kwanza zilipounganishwa. Hatukusimama. Tulikuwa na ahadi Hamtramck.

Hamtramck ni mji mdogo uliozungukwa na Detroit pande karibu zote. Wapolandi waliujaza enzi za kiwanda cha Dodge, kilichofungwa mwaka 1980. Leo utasikia adhana, utakuta maduka ya Wabangladeshi na migahawa ya Wayemeni. Fundi tuliyemfuata ni Mhadhrami aliyezaliwa Mombasa. Ujanani alishona viti vya mabasi kule Mwembe Tayari, kisha akaja huku kwa ndugu zake na kuendelea na kazi ileile. Shemeji alielekezwa kwake na Waswahili wa Columbus. Alitupokea kwa kahawa, akatuita wanangu, nasi tukamwita Ami, na kabla kikombe hakijaisha alikuwa amekwisha fungua mlango wa gari.

“Hebu keti kama ukaavyo siku zote,” aliniambia. “Usijipange. Nataka nione maumivu.”

Niliketi. Akachutama kando ya mlango, akatazama paja, akatazama usukani, akajaribu kupitisha viganja viwili kati ya nywele zangu na paa, akashindwa. Shemeji akaanza kueleza kwamba amekwisha ona usukani mdogo wa kununua, wa sentimita 35, na kwamba labda tukiuweka huo mambo yatakuwa mazuri.

“Usukani utakuwa wa mwisho,” Ami alisema. “Tuanze na makalio. Makalio yakikaa mahali pake, macho yatashuka, magoti yatashuka. Ukianza na usukani utakuwa umenunua kitu cha kuficha kosa la kiti.”

Nimekutana na watu wengi waliotumia fedha nyingi kwa mpangilio wa kinyume, na baada ya kumwona Ami akifanya kazi sina shaka kwamba mpangilio wake ndio sahihi: kwanza kushuka, halafu kurudi nyuma, halafu kulaza kidogo, na usukani ukija uje kumalizia.

Kiti cha Mustang hii hakifungwi juu ya sakafu moja kwa moja. Kuna jukwaa la bati lililochomelewa sakafuni, na reli za kiti hukaa juu yake. Nati zake huzioni ukiwa ndani; inabidi uingie chini ya gari, utoe vifuniko vidogo kwenye sakafu, kisha upenyeze spana ya boksi humo. Ami alinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, tukanywa kahawa nyingine, ndipo akalala chini. Kiti kilipotoka, jambo la kwanza alilofanya ni kuchana kitambaa upande wa chini na kutuonyesha sponji. Ilikuwa mpya, nene, ngumu. Aliyekishona kiti kabla yetu alitaka kipendeze kwa macho, akakijaza mpaka kikavimba. Kiti cha zamani kilichoshonwa upya mara nyingi huwa juu kuliko kilivyotoka kiwandani, na wenye magari hawajui, maana nani apime kiti?

Ami alikata. Alichonga sponji kwa kisu kirefu sehemu ya makalio, akatoa kama sentimita nne, lakini sehemu ya mbele, inayobeba mapaja, aliiacha karibu kama ilivyo. Alinieleza sababu akiwa anachonga. Mtu mrefu ana paja refu. Kiti kifupi humwachia paja likining’inia, na uzito wote unakwenda kwenye nyonga na kiuno. Ndiyo maana mgongo wangu ulikuwa ukiwaka moto na nikaulaumu mgongo wa kiti. Paja likibebwa, kiuno hupumzika. Juu ya springi aliweka gunia jipya ili sponji isiliwe na waya, akarudisha kitambaa, akakivuta na kukifunga kwa pete za chuma.

Shemeji akauliza kama isingekuwa rahisi kulikata lile jukwaa la bati na kulishusha. Ami alisimama kabisa, akaweka koleo chini. Mustang haina chasisi ya kujitegemea kama lori. Bodi ndiyo chasisi. Jukwaa lile linaunganisha kizingiti cha mlango na mgongo wa katikati unaopitisha propela shafti, na ni sehemu ya kinachofanya gari lisijipinde. Yapo majukwaa mafupi yanayouzwa kwa kazi hiyo, na fundi bodi anayejua kuchomelea anaweza kubadilisha kwa usalama. Kukata tu kwa msumeno na kuacha, alisema, ni kumtia mtu kaburini akiwa ameketi vizuri.

Kurudisha kiti nyuma kulihitaji vipande viwili vya bapa la chuma lenye unene wa milimita sita, vimetobolewa ncha mbili: tundu moja kwa ajili ya matundu ya zamani ya jukwaa, jingine sentimita saba nyuma yake kwa ajili ya reli. Chini ya bati akaweka sahani za chuma za kupokea nguvu, kwa sababu washa ndogo hupasua bati kama karatasi siku ya ajali. Bolti alizochagua zilikuwa na mistari sita kichwani, alama ya chuma cha daraja la juu. Mbele, kati ya bapa na reli, akaweka vipande vya kuinulia vya sentimita mbili, na kwa hilo kiti chote kikalala nyuma kidogo. Mgongo wa viti hivi hauna mtambo wa kulaza. Unakunjika tu kwenda mbele ili abiria waingie nyuma. Kuinua mbele ndiyo njia pekee ya kupata mlalo bila kubadilisha kiti kizima.

Alikuwa na sanduku la mbao alilotukabidhi tangu mwanzo. Kila bolti ya asili, kila washa, kipande cha sponji kilichokatwa, vyote viliingia humo, na maandishi ya kalamu nene juu ya kadibodi. Siku gari likiuzwa kwa mtu mfupi, au kwa mtu anayeshindanisha magari kwa uasili wake, jioni moja inatosha kurudisha kila kitu. Hakuna tundu jipya lililotobolewa kwenye bodi. Nilipenda sana nidhamu hiyo, na ningemshauri kila mwenye gari la kale aidai kwa fundi wake kabla ya kulipa chochote.

Gundi ya sponji ilihitaji kukauka, kwa hiyo tukamwachia gari tukaenda Dearborn kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford. Mule ndani imo Mustang yenye namba ya kwanza ya utambulisho, nyeupe, isiyo na paa la kudumu. Iliuzwa kabla ya wakati wake kwa rubani mmoja wa Newfoundland, Kanada, ambaye baadaye aliirudisha Ford kwa kubadilishana na Mustang ya milioni moja na moja. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York, na chini ya sura yake mpya kulikuwa na vipuri vingi vya Ford Falcon, gari la familia la bei nafuu. Wabunifu walirefusha boneti, wakafupisha buti, wakashusha paa. Ukisimama mbele yake kwa kipimo cha mwili wako, unaona wazi nafasi ya dereva ilikwenda wapi. Ilikwenda kwenye urembo, na urembo huo ndio uliowafanya watu wapange foleni.

Falcon ilikuwa na ndugu mwingine tunayemjua Afrika Mashariki. Mwaka uleule wa 1964, Mercury Comet kadhaa zilishindana kwenye Safari Rally kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na nyingi hazikufika mwisho. Matope yetu hayakuzihurumia. Nilimwambia shemeji tukiwa pale pale mbele ya kamba, naye akasema kwamba angependa kujua madereva wale walikuwa na urefu gani. Lilikuwa swali zito kwetu.

Hapo pia nilipata nafasi ya kutazama gari lisilo na paa kwa jicho la mtu mrefu, kwa kuwa wengi hutushauri tununue hilo. Kichwa kinapata uhuru, ni kweli. Lakini fremu ya juu ya kioo cha mbele iko palepale, usawa wa macho, na tatizo la goti halihusiani na paa hata kidogo. Kama hujanunua bado, ushauri wangu ni kuangalia magari ya ukubwa wa kati. Mustang ina sentimita 274 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. GTO ya 1964 ina 292, na sehemu ya tofauti hiyo ni nafasi ya miguu. Pengine si bure kwamba John DeLorean, mhandisi wa Pontiac aliyehusika na kuzaliwa kwa gari hilo, alikuwa mtu wa karibu sentimita 193.

Jumamosi tulichukua gari tukaelekea Woodward. Barabara hii inatoka katikati ya Detroit hadi mji wa Pontiac, na kipande chake kati ya barabara za Six Mile na Seven Mile kilikuwa maili ya kwanza ya zege nchini Marekani, mwaka 1909. Miaka ya 1960 vijana walishindana hapa usiku kutoka taa hadi taa. Tangu 1995, Jumamosi ya tatu ya Agosti, magari ya kale hujaa kutoka Ferndale kuelekea kaskazini, na watu huweka viti kando ya njia tangu asubuhi.

Kiti kilikuwa kimebadilika kabisa. Viganja vyangu viwili vilipita juu ya kichwa. Taa za makutano niliziona nikiwa nimeegemea. Paja halikugusa usukani mpaka klachi ilipopanda hadi juu kabisa, na hapo lilipita kwa kusugua kidogo tu. Sasa ndipo swali la usukani mdogo lilipokuwa na maana, na Woodward ni mahali pazuri pa kulijibu, kwa sababu kwenye makutano makubwa hukati kushoto moja kwa moja. Unapita makutano, unaingia kwenye nafasi iliyo katikati ya barabara, unageuza gari zima, unarudi. Kwa mwendo wa kinyonga, usukani bila haidroliki, V8 ya chuma juu ya magurudumu ya mbele, mabega yanafanya kazi.

Usukani wa sentimita 35 ungetupa sentimita mbili na nusu za paja. Bei yake ni nguvu zaidi mikononi, takriban sehemu moja kwa saba ya ziada kila unapokata kona. Kuna pia jambo la mikono: kiti kikirudi nyuma, usukani unabaki mbali, na mtu mwenye miguu mirefu na mikono ya kawaida hujikuta ananyoosha viwiko. Usukani wenye kina, ambao duara lake linakuja karibu na kifua, humfaa huyo kuliko usukani bapa. Tulimkuta bwana mmoja mrefu kwenye Chevelle ya 1970 ameweka shafti ya usukani inayoinama, ya kununua. Hutengenezwa hapohapo Michigan, kule Tecumseh. Akitaka kushuka huinua usukani juu, miguu inatoka bila mapambano. Alimruhusu shemeji ajaribu kuketi, na shemeji akakaa humo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Uamuzi wake ulikuwa kuacha usukani wa asili kwa sasa na kuweka akiba kwa ajili ya shafti inayoinama. Naona aliamua vizuri. Shafti ya magari ya kabla ya 1967 na 1968 ni chuma kigumu kisichojikunja kwenye ajali, kwa hiyo shafti mpya inaweza kuleta faraja na usalama kwa pamoja, ikichaguliwa ile inayojikunja. Na hata bila hiyo, sentimita saba tulizorudi nyuma ni sentimita saba zaidi kati ya kifua na kile chuma.

Kilichobaki ni mkanda, na hicho Ami alikataa kukigusa. Gari lina mkanda wa kiunoni tu. Mikanda ya begani ilianza kulazimishwa mwaka 1968. Mkanda wa kiuno umefungwa sakafuni, si kwenye kiti, kwa hiyo kiti kikirudi nyuma pembe yake inabadilika. Alitupima akaridhika kwamba bado unakaa kwenye mifupa ya nyonga, haupandi tumboni. Mkanda wa begani ni kazi nyingine. Mustang ya milango miwili kama hii haina nguzo ya katikati, hivyo kishikio cha juu kinatakiwa kuchomelewa kwenye fremu ya paa pamoja na bati la kuimarisha, na kikae usawa wa bega au juu yake. Kikiwa chini ya bega, siku ya ajali mkanda huvuta mabega kuelekea chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Vifaa vingi vinavyouzwa vimekadiriwa kwa bega la mtu wa wastani. Sisi si wa wastani.

Kwa hiyo Ami alituketisha mmoja baada ya mwingine kwenye kiti kipya, akashusha futi kutoka begani hadi sakafuni, akaandika namba zote mbili kwenye kadibodi, akaitia ndani ya sanduku la vitu vya asili. Fundi bodi wa Columbus akianza kazi hiyo majira ya baridi, ataanza na namba ya shemeji, iliyo kubwa zaidi, na kiegemeo cha kichwa kitapimwa siku hiyohiyo.